Figo ya Mishipa Mitatu

3 Machi

Dada, shikamoo. Shemeji hajambo? Mimi mzima.

Majibu ya vipimo vya kukupa figo yametoka, si mazuri. Damu zetu zinapatana, lakini picha imeonyesha figo yangu ya kushoto inalishwa na ateri tatu, yaani mishipa ya kuleta damu. Watu wengi wana moja tu. Ya kulia ina mbili. Daktari wa upasuaji anasema kila mshipa lazima uunganishwe kwako, na mmoja ukiziba, sehemu yake ya figo inakufa. Kwa hiyo imeshindikana. Nimeumia sana. Tutafute mtu mwingine.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako nimeziona. Hali yangu unaijua: siku tatu kwa wiki nimefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

Tumetoka tumbo moja, mishipa mitatu umeipata wapi? Nimemuuliza muuguzi wangu, wala hakushtuka. Anasema wapo wengi wa hivyo, na mishipa yao huunganishwa, kazi inakuwa ndefu tu. Na wewe fundi bomba mzima, hujawahi kuona tangi lenye mabomba matatu? Aliyesema haiwezekani ni daktari, au ni mkeo? Nitumie barua ya daktari, yenye mhuri.

Dada yako

30 Machi

Hujambo wewe? Wiki tatu, barua sijaiona, simu hupokei. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Sema unachoficha.

Dada yako

4 Aprili

Dada, shikamoo. Unaendeleaje? Mke wangu usimsingizie, hajasema neno.

Mishipa mitatu ni kweli. Ila daktari hakusema haiwezekani. Alisema ni kazi ngumu zaidi, wameshaifanya, uamuzi ni wangu. Akanichorea. Nilipouona ule mshipa mwembamba kuliko yote, nikapata pa kujifichia. Naogopa kisu, dada. Naogopa kufa. Ukisema nije, nitatia sahihi.

Mdogo wako

8 Aprili

Mdogo wangu, marahaba. Shemeji yako hajambo. Mimi miguu imevimba, viatu haviingii.

Nimekutukana moyoni hadi nikachoka. Kisha nikakuandikia kwamba nimekusamehe, baki na figo yako, mimi ndiye mkubwa. Karatasi ile nimeichana. Ilikuwa uongo kama wako tu.

Nataka kuishi. Tia sahihi, uje na woga wako. Mimi pia ninao.

Dada yako