Redio Inasikia, Haisemi

Jumatatu, 22 Aprili 1974
Saa mbili asubuhi, mwito wa redio wa hospitali ya mjini Kericho kama kawaida. Sauti safi kabisa. Nikabonyeza kitufe nijibu, taa ya redio ikafifia, ikazima. Nikaachilia, ikawaka. Nikabonyeza tena, ikazima. Ni hivyo tangu Alhamisi. Yule bwana wa Kericho anauliza, "Zahanati, mnanisikia?" Nakusikia, ndugu yangu. Wewe ndiye hunisikii.

Simu imekatika tangu mvua iangushe nguzo. Barabara ni matope matupu. Foleni ya wagonjwa hadi nje: malaria, kikohozi, mchumaji wa chai aliyeteleza na kikapu mgongoni. Nimefanya kazi vibaya leo. Nimemfokea mama mmoja bure. Masikio yangu yako kwenye redio siku nzima.

Jumanne, 23 Aprili
Fundi Odongo wa kiwandani amekuja kuangalia. Hakuchukua muda. Redio ni nzima, kasema. Shida ni transfoma, lile boksi linaloipa umeme. Limechoka, na tangu mwanzo lilikuwa dogo. Kusikiliza kunahitaji umeme kidogo, kusema kunahitaji mwingi. Ukibonyeza kitufe, linashindwa.

Anayo kubwa zaidi stoo, aliifungua kwenye mashine iliyokufa. Volti ni zile zile, nguvu ni mara tatu. Nikamuuliza kama haitaunguza redio. Akacheka.

"Sista, mtungi ukiwa mkubwa haukulazimishi kunywa maji yote. Redio itachota kiasi chake tu."

Niliridhika. Kisha nikaharibu. Nilikwenda ofisini kwa Bwana Rono, msimamizi wa shamba, kuomba ruhusa. Akakataa. Redio ni ya kampuni, mtaalamu atatoka Nairobi mvua ikipungua. Ikiungua, nitajibu mimi.

Nilirudi nikamwambia Odongo angoje. Spana alikuwa nayo mkononi tayari. Hakubishana. Ameiacha transfoma yake chini ya meza yangu, imefungwa kwa gunia. Nimejigonga mguu nayo mara mbili.

Jumatano, 24 Aprili
Mvua.

Nabishana na nafsi yangu. Ikiungua, hata kusikia hatutasikia. Lakini kusikia kunatusaidia nini? Odongo ni fundi wa mashine za majani, si wa redio. Lakini volti ni volti. Lakini Rono amesema. Mimi ni mgeni hapa, mtu wa Maragoli, watoto wangu wawili wako kwa mama yangu na wanasoma kwa kazi hii. Nikifukuzwa ni kurudi nyumbani na sanduku.

Nimeliinua gunia, nikaitazama transfoma, nikaifunika. Mtu mzima mwenye cheti cha uuguzi, naogopa chuma.

Alhamisi, 25 Aprili
Wameleta Chelangat saa nne asubuhi, juu ya machela ya magunia. Mchumaji wa laini ya nne ya nyumba za wafanyakazi. Mimba ya kwanza. Uchungu tangu jana mchana. Nilipompima nikajua: mtoto amelala kikingama. Hapa si pa kuzaliwa. Ni kisu cha daktari tu.

Nikakimbilia redio. Ikazima. Nikabonyeza, nikabonyeza. Kati ya kuzima na kuwaka nikamsikia yule bwana akiuliza kama kuna kituo chenye shida yoyote. Akangoja. Akasema, "Haya basi, asanteni," akafunga.

Nilituma mtu amwite Odongo. Alikuwa ng'ambo ya mto kwenye pampu, na mto umefurika. Juzi alikuwa hapa. Mimi ndiye niliyemzuia.

Kipngeno, mume wa Chelangat, akaenda mbio kwa miguu hadi Kedowa kutafuta simu. Nilikaa na Chelangat. Hakulia, alinishika kifundo cha mkono tu. Kila mara naweka pembe ya kusikilizia tumboni, nausikiliza moyo wa mtoto. Saa sita ulikuwepo. Saa saba ulikuwa mbali. Saa nane sikuusikia. Sikumwambia.

Gari la hospitali lilifika saa tisa na nusu, limejaa matope hadi vioo.

Nimejichukia.

Ijumaa, 26 Aprili
Asubuhi maji ya mto yalikuwa yameshuka. Nilikwenda mwenyewe kumtafuta Odongo. Kwa Rono sikupita.

Alifunga transfoma kwa muda usiozidi saa moja. Akaniambia nibonyeze mimi. Nikabonyeza. Taa haikufifia hata kidogo. Nikaita, nikaachilia. "Zahanati! Hatimaye! Karibu, tunakusikia!" Nikabonyeza tena, nikabaki nimeshika kitufe. Odongo akanong'ona, "Sema, Sista. Watu wanangoja."

Nikauliza habari za Chelangat. Amepasuliwa, yu hai. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Wa kiume.

Nilikwenda kwa Rono kabla hajaambiwa na wengine. Alikasirika sana.

"Na kama ingeungua?"

"Ningejibu mimi, kama ulivyosema. Huyu mtoto nani atamjibia?"

Akavuta karatasi. Kisha akaandika barua ya onyo, akaipiga muhuri, akanipa. Niliipokea. Sikuona haja ya kumlaumu sana. Yeye alikataa kwa mdomo. Mimi ndiye nilikuwa na boksi chini ya meza.

Jumatatu, 29 Aprili
Redio inafanya kazi. Odongo huja kuigusa transfoma: ina joto kidogo, si moto. Anafurahi kama mtu aliyenunua ng'ombe. Mimi bado situlii. Nasafisha meza iliyo safi.

Kipngeno alikuja kuchukua nguo za mkewe. Nikamwambia yote. Kwamba kifaa kilikuwepo tangu Jumanne, kwamba niliogopa. Niliongea haraka, sikumtazama usoni. Alikuwa amesimama na furushi mkononi. Akasema, "Nimesikia," akaondoka. Sijui alisikia nini. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 8 Mei
Mvua nyepesi. Chelangat amekuja nimwangalie mshono. Amekonda. Kidonda kimefunga vizuri, hakuna usaha. Nimempa vidonge vya damu, nikamwambia asibebe kikapu miezi miwili. Kipngeno alingoja nje chini ya paa, akaitikia salamu yangu.

Mama mkwe wa Chelangat alikuja naye, na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando yenye masizi wanayompa mgeni wa heshima. Hawakutaja mtoto, sikumtaja. Tuliketi kwenye benchi, sisi wanawake watatu. Mama akanimiminia kikombe hadi juu. Miaka mitatu niko huku, na maziwa yale ya masizi bado hayanishuki vizuri. Nikanywa yote. Akanimiminia tena.