Baridi Isiyofika Mombo

Jumatatu, 3 Februari 2025
Krrr—tap. Krrr—tap. Mlio ule nyuma ya dashibodi haujanitoka masikioni tangu Ijumaa, tulipompeleka Baba kliniki ya moyo Tanga. Kupita Mombo tu, chini ya mlima, kaka Fanueli akafungulia AC mpaka mwisho. Ikaja hewa ya moto, yenye harufu ya kitu kilichooza! Tukashusha vioo — moshi wa malori, Baba akakohoa mpaka midomo ikageuka rangi. Tulipofika Korogwe akazimia begani kwangu. Nikawa natega sikio kama bado anapumua, nasikia mlio ule tu.
Jumatatu ijayo anatakiwa tena.

Jumanne, 4 Februari
Nimefungua mwenyewe kisanduku cha mbele ya abiria, nikachomoa chujio la hewa. Panya! Kiota cha maganda ya mahindi, manyoya, mavi, na mkia mkavu uliokuwa ukigonga feni. Nimetapika palepale uani. Hewa hiyo ndiyo Baba amekuwa akivuta.
Fanueli hakushtuka hata kidogo. Kumbe alijua. Alisikia harufu, akatundika manukato kwenye kioo, basi.
“Panya naye abiria, Yusta. Hajalipa nauli tu.”
Akacheka. Nimenawa mikono kwa sabuni ya kufulia. Bado nanuka.

Jumatano, 5 Februari
Mimi na Fanueli gereji kwa fundi Amiri, hapa Lushoto. Asubuhi, ukungu umeshuka mpaka barabarani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika kichwa kikiwa ndani ya boneti.
“AC? Huku AC tunapewa na Mungu, binti!”
Akaongeza gesi, akauvuta mkono wangu kwenye tundu la hewa. “Umeona? Barafu hiyo!”
Nilikuwa na sweta na mtandio juu yake! Feni ilikuwa inatuletea ukungu wa nje, nikamwambia. Akasema wasomi hatukosi neno. Fanueli akampa mkono: gari limepona.
Huu ndio ugonjwa wetu watu wa mlimani. Mwaka mzima kitu hakiwashwi, kisha tunakipimia kwenye baridi na kujisifu.
Jioni Baba kauliza kwa Kishambaa kama gari limepona. Fanueli kajibu limepona kabisa. Sauti tamu kama ya mtu anayembembeleza mbuzi.

Alhamisi, 6 Februari
Fanueli kamwambia Baba aache woga. Mtu aliyelima kule Mnazi, tambarare, kwenye jua lile hawezi kufa kwa joto la gari!
Baba kacheka ili asionekane mwoga. Mkono wake umeng'ang'ania ukingo wa kiti. Nami nilikaa kimya. Najichukia zaidi ya ninavyomchukia Fanueli.

Ijumaa, 7 Februari
Mombo. Naandika kwenye benchi la gereji, jasho linalowanisha karatasi.
Nilichukua ufunguo Fanueli akiwa shambani kwenye kabichi zake. Nikashuka kona zote zile peke yangu, vioo juu, AC imewashwa. Soni, baridi safi. Chini ya Soni, vuguvugu. Hapa Mombo — pumzi ya mbwa! “Limepona kabisa.”
Fundi wa hapa, Rashidi, kaangalia, kacheka. “Mmelileta lipoe au lizikwe?” Mbele ya rejeta kumejaa tope lililokauka na majani ya kabichi. Raba za mabomba zimekakamaa kwa kutowashwa, gesi ya juzi karibu yote imetoka. Na uchafu wa panya umeingia ndani zaidi. Kuutoa ni lazima avunje dashibodi nzima, na raba zitoke Tanga. Labda Jumatano.
Kliniki ni Jumatatu.
Fanueli kapiga simu, anafoka. Nirudishe gari sasa hivi. Jumatatu tutamfunga Baba taulo la maji na safari itaenda, nani kanifanya daktari? Nyuma yake Baba anakohoa, anasema tusigombane.
Rashidi kasimama na bisibisi yake. “Dada, nifungue au nifunge?”
Nikakitazama kiti cha mbele, anapokaa Baba.
Nimemwambia afungue. Dashibodi sasa iko chini kwenye turubai, nyaya zinaning'inia, harufu imetapakaa gereji nzima. Baba atashuka vipi Jumatatu, sijui. Kwa gari hili hashuki. Fanueli anapiga tena —