Redio Ambayo Babu Yako Hakuiuza

Mjukuu wangu Festo,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Huku Maguu tu wazima. Kahawa imeanza kuiva, na mama yako amepona kifua.

Umeniambia unanunua hedifoni za bei kubwa, unazisikiliza, kisha unaziuza ili upate nyingine. Sasa zimebaki mbili na hujui uuze ipi. Unauliza marehemu babu yako, aliyekuwa akiuza redio, alichaguaje.

Nilikuwa msichana alipofika kwetu na redio mbili. Ile kubwa aliisifia mpaka baba akaikubali. Ndogo aliiacha kwenye mkoba.

"Na hiyo?" nikauliza.

"Hiyo siuzi, dada. Naisikiliza mwenyewe."

Baba akaitaka hiyohiyo, akapandisha bei. Kijana akakataa kwa heshima, kisha akanipa mimi niishike.

"Iweke sikioni. Usiongeze sauti."

Kwaya ilikuwa inaimba. Kabla ya ubeti kuanza, nikasikia mwanamke akivuta pumzi, karibu kabisa, nikageuka kumtazama. Hakuwapo mtu.

Babu yako akatabasamu. "Nimewapa wengi waisikilize. Wewe ndiye wa kwanza kugeuka."

Aliporudi tena hakuleta redio. Alikuja na wajomba zake, kuniposa.

Mimi hedifoni sizijui, mume wangu. Zisikilize zote kwa sauti ndogo. Ile itakayokufanya utamani kumvalisha mtu mwingine, baki nayo. Na kama mtu huyo tayari yupo, niandikie jina lake.

Bibi yako,
Anastazia