Kijiko cha Konyaki kwa Kashindi

Baba Zakaria,

Kashindi amekuwa kipofu. Nalitanguliza hilo mbele ya salamu, maana weye ulikuwa unauliza habari ya mgonjwa kwanza, ya nyumbani baadaye. Ndiyo, Kashindi yule yule wa Kilibula, muuza kanyanga, ile gongo kali, yule aliyekuuza. Macho yote mawili, kwisha! Na minye Feruzi, mbeba wagonjwa wako juu ya machela ya tipoyi, uliyemfundisha uganga, nina mkono wangu mu hiyo maneno. Soma hadi mwisho, ndipo unikasirikie.

Masika mbili zimepita juu ya kaburi lako. Maasi yamekwisha. Kati ya wale vijana waliokuja kukukamata, mmoja anauza ndagala, dagaa wa ziwani, pale sokoni, ananiita "muganga" na meno yote nje. Dispansere iko na vitanda vyake vitatu na bati linalovuja. Bikarbonati, ule unga wa kuwatuliza wanaohema, tunaletewa na wamama wa Kavimvira wanaovuka mpaka. Koti lako jeupe ndilo ninavaa, linanifika kiunoni tu. Ulikuwa mfupi, baba, tusidanganyane.

Unakumbuka ilivyoanza? Wabeleji wameondoka, pombe ya dukani imekuwa haba, kila muntu anakunywa kanyanga, na Kashindi anaiongeza alikoli ya kuwashia jiko la primusi ili ijaze madebe. Watu walikuwa wanakunywa leo, wanaletwa kesho, wanahema kama waliopanda mlima wakikimbia, wanalia, "Naona ukungu!" Na weye, muntu wa milimani, uliyelelewa na maziwa, ambaye hata kasiksi ya ndizi hukuionja, ukawa unawanywesha konyaki waliyoiacha Wabeleji. Kijiko kwa kijiko, mchana mzima, umekaa juu ya sanduku. Niliwaza umerukwa na akili. Mlevi anaongezwa pombe? Ukanieleza polepole: "Ile nzuri ikishakalia kiti, ile mbaya inakosa mahali, inatoka na mkojo." Na tena: "Aliyezimia usimmiminie kitu mu kinywa. Mlaze ubavu, ungoje aamke."

Ndugu za wagonjwa walikutukana. Wazee wa kanisa wakakunyima Meza ya Bwana, wakafuta jina lako mu kitabu, kwa sababu koti lako lilinuka konyaki. Weye ulicheka tu. Minye ndiye niliyekuwa nachemka.

Halafu waasi wakashika mji, wakasikia watu wanakufa na kanyanga ya Kilibula. Kashindi aliona kamba inakaribia shingo yake, akakimbia kwa mkubwa wao kusema kwamba pombe yake haina kosa, ni Zakaria anayewamaliza watu kwa pombe ya Wazungu. Wakamwamini. Nani hangemwamini? Walikukuta umeshika kijiko, yule mama wa Runingu aliyekunywa kanyanga amelala kitandani. Hukulia, hukuomba. Ulinipa kijiko, ukasema, "Feruzi, endelea, usipitishe saa." Nilikuwa namnywesha wakati bunduki ililia kule ufukweni. Baba, nilimwaga, nikajaza tena. Yule mama yuko mzima hadi leo. Weye ndiye hauko.

Sasa sikiliza. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwezi uliopita, asubuhi, ndugu zake Kashindi wakamleta juu ya tipoyi. Alikuwa amekunywa mu debe lake mwenyewe, lile la kuuzia watu. Anahema mbio, anatapika, anapapasa hewa: "Feruzi, ukungu, ukungu mweupe!" Tulikuwa na chupa moja ya konyaki, nusu. Nilijua la kufanya. Ulinifundisha vizuri, laana isikupate.

Nikawatuma ndugu zake wakachote maji mbali. Nikaketi, nikaweka chupa juu ya magoti mbele ya macho yake. Nikamwambia, "Hii ni dawa ya Zakaria, ile ulisema inaua watu." Akaomba. Akalia kama mtoto. Akataja jina lako, akaomba umsamehe. Nikamjibu, "Hayuko hapa. Umfuate kule ulikomtuma." Jua lilikuwa kwenye mguu wa kitanda nilipoketi, nilikaa hadi likarudi kwenye kizingiti. Nami nilikuwa na furaha, baba. Sikufichi. Ilikuwa tamu.

Nilifungua chupa wakati alipoanza kusinzia. Usiseme ni huruma. Niliogopa atakufa upesi, apumzike. Nikampa kijiko cha kwanza, nikaendelea kila saa hadi jioni, na bikarbonati, kama ulivyonionyesha. Akaishi. Macho hayakurudi.

Sasa kila siku ya Mungu, kila Jumapili, anasimama mu kanisa lako na kushuhudia: nilimsingizia Zakaria, pombe yake ilikuwa dawa, Feruzi ameniokoa. Wazee wamelia, wamerudisha jina lako mu kitabu. Jina lako limesafishwa, baba, na kinywa kile kile! Mke wake ananiletea ndagala. Na Kashindi hataki aongozwe na mtoto wala ndugu, ni minye tu nimshike mkono. Mbele ya watu wote anasema, "Kitu cha mwisho nilichoona duniani ni mkono wa Feruzi na ile chupa." Watu wanasema amina. Hawajui kwamba chupa ilikuwa imefungwa. Yeye anajua. Alihesabu kila pumzi ya ule mngojo, na hajamwambia muntu.

Najua ungenipiga makofi. Ungesema mgonjwa hana jina. Basi nakuahidi: yeyote atakayeletwa juu ya tipoyi, hata aliyekufyatulia risasi, hata huyo muuza ndagala, kijiko kitatangulia, sitangoja tena. Hilo nimeapa. Lakini kwa Kashindi usinidai toba, sina. Sijamwomba msamaha, naye haniombi.

Kanisa liko karibu na nyumba yake, hatua chache tu. Minye nampitisha njia ndefu, ya ufukweni. Tukifika pale walipokuulia, nasimama. Anavua kofia. Hakuna aliyemwonyesha mahali hapo, lakini anapajua. Tunasimama hadi achoke, anishike bega, ndipo nasema twende. Na siku ya Mungu inayokuja tena, na ile ingine, hadi mmoja wetu azikwe.

Lala, baba.

Feruzi