Maua ya Agneta

Mama mpendwa, pokea salamu zetu. Natumaini goti limepata nafuu. Huku Kitengela jua ni kali na mvua imekataa, lakini maua ya dada Agneta yamechanua mekundu mlangoni. Huyamwagilia maji aliyofulia nguo, na hataki mtu ayaguse.

Jana jirani yetu, Mama Naserian, alikuja akasema, "Kesho tunamzika mzee wangu. Niko na jeneza tu, sina hata ua moja."

Agneta aliinuka. Alichukua kisu akayakata yote, akamjazia beseni. Leo kaburini Mama Naserian alimshika mkono mpaka mwisho.

Mama, tangu tumzike mtoto wake, Agneta alikuwa hajalia. Leo alilia sana. Jioni amekula ugali wote akaomba mwingine. Mungu akutunze.

Binti yako, Roda