Nilimtishia Mwanangu kwa Mzee wa Ng'ombe

Anti Odilia, shikamoo. Kabla ya yote nakuomba usome barua hii hadi mwisho ndipo unikasirikie, maana nimeianza mara tatu nikaichana, na leo naiandika nikiwa shambani, nimekaa juu ya ndoo, mwanangu yuko hapa pembeni na kila nikinyanyua mkono ananitazama. Nakuomba pia ufiche jina langu, kwa sababu huku kwetu Msowero gazeti moja linasomwa na kitongoji kizima.

Nina watoto wawili, Jackline ana miaka mitano na yuko darasa la awali, Brayson ana mwaka na nusu bado yuko mgongoni. Baba yao, Gerald, ni fundi wa matairi Mikumi pale barabara kuu, anakuja nyumbani kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo kulea ni mimi, kulima ni mimi, maji ni mimi, kuni ni mimi, na Jackline ni mtoto mzuri sana Anti lakini kwenye kula ananitoa roho, kikombe kimoja cha uji anaweza kukaa nacho mpaka kinafanya utando juu, na jua linapanda na jembe linanisubiri.

Sasa mbele ya nyumba yetu hupita mzee mmoja mfugaji, Mzee Maganga, walihamia huku na familia yake kutoka kanda ya ziwa, ana ng'ombe kama thelathini na analima mpunga vilevile, ni mrefu, ana kofia pana na fimbo, na mvua ikinyesha hujifunika gunia kichwani mpaka mabegani. Siku moja Jackline amegoma uji, mzee akawa anapita, nikasema tu bila kufikiri, "Haya, bakiza, Mzee Maganga atakutia kwenye gunia lake akupeleke porini." Anti, aliunywa wote kwa pumzi moja. Nikacheka, nikaona nimepata dawa.

Ikawa ndiyo dawa ya kila kitu, hutaki kulala Maganga, hutaki kuoga Maganga, umemfinya mdogo wako Maganga anakuja, na mtoto akanyooka kweli mpaka majirani wakaniuliza nafanyaje. Kuna asubuhi mzee mwenyewe alipita karibu kabisa, nikamwita kwa sauti, "Mzee, huyu hapa hataki kula, njoo umchukue," yeye akacheka akasema, "Aah, huyo mjukuu wangu, nitamletea mtindi," nami nikamkonyeza na kumpungia mkono nyuma ya kichwa cha mtoto anyamaze, asije akaniharibia. Akaswaga ng'ombe wake akaenda.

Jumanne ya wiki iliyopita Jackline alikataa uji, nami nilikuwa nimechelewa palizi, nikamwambia, "Sawa, acha, nimeshamwambia Maganga, leo atakupitia ukitoka shule." Maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu mwenyewe Anti, na mtoto aliondoka na wenzake huku anageuka nyuma.

Saa tano mvua ikashuka kubwa. Kwenye njia yao ya shule kuna korongo, siku zote ni kavu, na mimi ndiye huwa naenda kumsubiri pale, lakini siku hiyo nilikuwa shamba la chini nimejibanza kibandani, nikasema ngoja ipungue kidogo. Wenzake wakubwa walivuka wakakimbia, yeye akabaki ng'ambo. Nikasikia kelele, nikatoka mbio na Brayson mgongoni, nilipofika nikamkuta Mzee Maganga amembeba Jackline, gunia liko kichwani kwake linachuruzika maji, mtoto amemng'ata mkono na anapiga kelele, "Nimemaliza uji! Nimemaliza! Nimemaliza!" Watu wa mashambani walikuwa wameshamzunguka, wanasema mfugaji anaiba mtoto, mmoja amempiga begani kwa mpini wa jembe, na mzee hakumwachia mtoto mpaka aliponiona mimi, akaniwekea mikononi, akasema, "Mama Jackline, maji yalikuwa yanakuja." Hakuna aliyemsikiliza.

Watu walisema mtoto anapayuka kwa hofu. Mimi peke yangu nilielewa anasema nini.

Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Cleopa, alikuja akakataza wasimpige, akampeleka ofisi ya kijiji, na pale mbele ya watu akaniuliza, "Mama, huyu mzee mnafahamiana?" Nikasema, "Namwona tu akipita." Mzee Maganga alinitazama. Angeweza kusema yote, kwamba nilimwita mwenyewe nikamkonyeza, hakusema, akakaa na mkono wake unaovuja damu ananisubiri nami nikatazama chini.

Kesho yake nilikwenda korongoni peke yangu nikalikuta begi la shule la Jackline limenasa kwenye matete, mbali kule chini, na alama za maji pale aliposimama mtoto zinanipita mimi kifuani. Nimelificha begi jikoni nyuma ya kuni. Sasa kumeitishwa kikao cha kijiji Jumamosi ya wiki ijayo na watu wanasema wafugaji wote wa upande wetu waondoke, mzee amekatazwa kupita njia yetu, Gerald amekuja kutoka Mikumi amefura, amesema yeye ndiye atakuwa wa kwanza kusimama, nami nikamwandalia tu maji ya kuoga, akaoga akarudi kazini.

Na Jackline sasa anakula kila kitu. Nikimwongezea anakula, juzi alitapika kisha akashika kikombe tena, na akimaliza anakigeuza chini juu anionyeshe, anasema, "Mama, nimemaliza, umeshamwambia?" Namjibu ndiyo nimemwambia. Baba yake alisema walau sasa mtoto ameshika adabu. Habanduki kwangu hata nikienda chooni anasimama mlangoni.

Sisi mama yetu alitutisha kwa mumiani na tukakua, sikujua kama nafanya vibaya. Nikisema ukweli Gerald atanionaje, na kijiji kitanionaje, na nikinyamaza moyo hautulii, silali. Je, ningoje hasira za watu zipoe kwanza? Na huyu mtoto nitamtoaje hofu ya yule mzee?

Mama mwenye wasiwasi, Msowero

ANTI ODILIA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimesoma hadi mwisho kama ulivyotaka, na nimekasirika kama ulivyotarajia. Jina lako nimelificha. Majina mengine yote nimeyabadilisha, nikaanza na la yule mzee, ingawa kwa huyo hukuniomba.

Pole kwanza. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, jembe mkononi na mwingine anayechezea uji, na mume wa kila baada ya wiki mbili, sitakaa hapa mezani nimwambie kulea ni rahisi. Nilifundisha darasa la awali miaka ishirini na mitatu, na miaka ya mwanzo mimi nilikuwa nawatishia watoto kwa sindano ya daktari. Wakakaa kimya kama maji mtungini, nami nikajiona mwalimu hodari. Kisha mmoja akavunjika mkono uwanjani, na pale zahanati ilibidi watu wazima wanne wamshike ili aguswe. Alikuwa ananitazama mimi muda wote. Kwa hiyo ninayekusema ninajua ninachosema.

Huyo mumiani wa mama yako hakuwa na nyumba, wala mke, wala ng'ombe. Hakuna aliyeweza kumpiga mpini wa jembe. Wewe ulichukua mtu mwenye jina, anayekusalimia asubuhi, ukamgeuza jini la kumalizia uji. Ukachagua mgeni, tena mfugaji, kwa sababu ulijua hakuna atakayemuuliza. Ungemtishia mtoto kwa jina la Mwenyekiti Cleopa? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe.

Unauliza kama ungoje hasira zipoe. Zipoe za nani? Mzee wa watu amembeba mwanao maji yakija, ameng'atwa, amepigwa, na bado hakumwachia. Bila yeye, kikao cha Jumamosi kingekuwa matanga nyumbani kwako. Na ulipoulizwa ukasema unamwona tu akipita. Hapo mwanangu niliiweka barua yako mezani, nikafuta miwani, nikaisoma sentensi hiyo mara ya pili.

Sasa hilo la mtoto, na hapa nakuomba ukae. Unataka nikwambie namna ya kumtoa hofu ya Mzee Maganga. Rudia ulichoniandikia. Mtoto hakuulizi mzee yuko wapi. Anakuuliza, "Umeshamwambia?" Kwa akili yake, yule mzee ni mtu wa kutumwa tu, na anayemtuma ni wewe. Ulimwambia utamtuma, na saa tano akaja, na gunia kichwani. Anayemwogopa ni wewe, mama yake. Ndiyo maana anasimama mlangoni mwa choo: anakuchunga usije ukaenda kumwambia. Na kila unapomjibu "ndiyo nimemwambia" unamthibitishia.

Gazeti hili linatoka Jumatano. Ukilisoma, siku ni hiyohiyo. Mpigie Gerald kabla hajasikia kwa mtu, umweleze yote, pamoja na kukonyeza. Atapiga kelele, basi apige, kwani hata yeye aliyesema mtoto ameshika adabu ana la kujiuliza. Akimaliza mwambie unamtaka nyumbani Ijumaa, maana aliyeapa kusimama wa kwanza kumfukuza mzee ndiye inafaa asimame wa kwanza kumshukuru. Akikataa, utasimama peke yako. Miguu unayo.

Kisha toa lile begi nyuma ya kuni, usilifue, lipeleke kwa Cleopa na matope yake. Mwonyeshe liliponasa na alama za maji. Mweleze maana ya "Nimemaliza uji", aiandike. Atakushangaa, na huenda mke wake ataibeba habari hiyo mpaka kisimani. Watakusema wiki mbili tatu. Mzee Maganga anaweza kuhamishwa pamoja na wajukuu zake kwa ajili ya kikombe cha uji, kwa hiyo usinieleze habari ya kusemwa.

Ukitoka kwa Cleopa nenda kwa mzee, bila mtoto. Mpe shikamoo yake, yeye na mkewe, na uombe msamaha kwa maneno yaliyo wazi, "Nilikutumia kumtisha mwanangu, na ulipoonewa nikanyamaza." Usianze kumweleza ulivyochoka. Asipokujibu, ondoka kwa heshima. Na Jumamosi nyanyua mkono mapema kabla watu hawajapata moto, useme yaleyale.

Mtoto usimburute kwenda kumshika mzee mkono ili wewe ujisikie vizuri. Akuone tu kila asubuhi unamsalimia mzee akipita, ukicheka naye, yeye akiwa salama nyuma ya kanga yako. Itachukua muda. Akiendelea kutapika au kuweweseka, mpeleke zahanati ueleze ukweli. Na usije ukaacha kumtishia kwa Maganga ukaanza kumtishia kwa polisi, au kwa jina langu mimi.

Lakini kabla ya Gerald, kabla ya Cleopa, kabla ya yote, mwite Jackline. Chuchumaa mlingane. Mwambie, "Mama alisema uongo. Sikumwambia Mzee Maganga akuchukue. Alikuja kukutoa kwenye maji. Mimi siwezi kumpa mtu yeyote wewe, ukila au usipokula." Huenda asikuamini siku ya kwanza. Mwambie tena kesho, na keshokutwa, mpaka achoke kukusikia.

Halafu vumilia. Itafika asubuhi moja, jua limepanda, jembe linakusubiri, naye atasukuma kikombe kikiwa nusu, atakutazama usoni kuona utafanya nini. Ndiyo siku utakayojua ameanza kukuamini. Usimwambie kitu. Mwaga uji, osha kikombe, mshike mkono mwende shule.