Mvua ya Isansa Haikupungua

Bwana Shamba,

Nakuandikia nikiwa huku juu, kijiji chetu cha zamani cha Isansa, nimekaa kwenye jiwe la msingi wa nyumba uliyopanga kabla hatujahama. Kabla hujauliza: ndiyo, saa tatu imeshapita na nimeshapima mvua. Leo ni sifuri, na nimeandika sifuri, sijaacha nafasi wazi. Ulinifokea mara moja tu kuhusu hilo, nami ni mwepesi wa kufundishika nikishafokewa.

Mwaka wa pili unaisha tangu tukupeleke kwenu Ileje kukuzika. Habari za hapa si nyingi. Nyumba yako ya kule chini, barabarani, kapewa mganga wa zahanati, anafuga bata, na bata hao wamekula mchicha wako wote. Kahawa imekomaa vizuri. Mama Tumaini anakusalimu. Yaani, angekusalimu kama siku hizi angekuwa anazungumza na mimi. Hilo nitalifikia.

Unakumbuka ulivyonipata? Ulisimama mkutanoni ukauliza ni nani anajua kusoma na anapatikana kila siku saa tatu asubuhi. Watu wote wakaninyooshea kidole. Nilirudi nyumbani kifua mbele. Ilinichukua mwezi mzima kuelewa kwamba nilichaguliwa kwa sababu saa tatu wenzangu wote huwa shambani, mimi ndiye ninayekuwa bado nakunywa chai.

Ukanionyesha kile kipimo ulichokuwa ukikisoma mwenyewe mpaka siku ile, kopo la shaba lenye mdomo kama faneli, limefukiwa nusu ardhini. Mimina maji kwenye glasi yenye mistari, soma milimita, andika daftarini. Mwisho wa mwezi ulinakili yote kwenye kadi, kadi ikaenda posta, posta ikaipeleka Dar es Salaam. Watu wakatucheka. "Dar wana bahari nzima, ninyi mnawapelekea vijiko vya mvua?" Na nilipoivunja ile glasi, ulipanda lori hadi Tunduma, ukazunguka maduka yote, mpaka Mwarabu mmoja wa kule sokoni akakwambia, "Bwana, mimi glasi ninazo, lakini ni za chai. Hizo za mvua muulize Mungu." Ulinisimulia mwenyewe, na ilikuwa mara ya kwanza kukuona ukicheka. Glasi nyingine ikaja kwa posta kutoka Dar.

Wewe hukuona kama ni vijiko. Ulituambia kwamba katika chumba kile kile kadi yetu inakofika, zinafika pia habari za meli zilizopima joto la bahari, na habari za maputo yanayorushwa angani kupima upepo. Isansa inakaa rafu moja na bahari. Na yeyote atakayeomba kuziona, awe mkulima, awe mzungu, awe mtu wa nchi ambayo hata hatuijui, anapewa bila malipo. "Namba ikitoka hapa si yetu tena, Baba Tumaini," ulisema. "Kwa hiyo itoke imevaa nguo."

Sasa nikwambie nilivyoitoa uchi.

Mwaka ule wa kuhamia vijijini wewe ulikuwa hospitali, na kifua chako kile. Malori yakaja. Tulipakia vitanda, kuku, milango, boriti. Kipimo nilikichimbua mwenyewe, nikakipakata ndani ya lori kama mtoto mchanga. Kule chini nikakifukia mahali peupe, mbali na miti, mbali na paa, kama ulivyonifundisha. Kesho yake saa tatu nikapima, nikaandika kwenye mstari uliofuata. Isansa juu, Isansa chini. Jina lile lile, daftari lile lile.

Ukanitumia kikaratasi kwa mkono wa muuguzi: "Umeandika kwenye nafasi ya Maelezo kwamba kipimo kimehama?"

Nilicheka. Nani asiyejua kwamba tumehama? Serikali ndiyo iliyotuhamisha. Niiandikie serikali kuiambia ilichofanya? Nikakujibu kwamba nimeandika. Niliazimia kuandika kesho yake, ili nisiwe mwongo kwa zaidi ya usiku mmoja. Kesho yake tukapanda maharage.

Uliporudi, umekonda, hukulifungua daftari kukagua nyuma. Uliamini. Wewe uliyekuwa ukipima kwa macho hata wali kwenye sahani yangu, hilo hukulipima. Ukafa hujalipima.

Mvua za mwaka huu zilipokwisha, akaja mtaalamu wa maji kutoka mkoani, kijana mpole mwenye viatu vizuri kupita kiasi kwa njia zetu. Unakumbuka tuliomba lambo, lichimbwe kwenye bonde la huku juu, maji yateremke kwa bomba hadi kijijini ili wanawake waache kwenda mtoni? Alikuja na jibu. Mkononi alikuwa na karatasi iliyopigwa taipu, na juu yake kuna namba zetu zote, zako na zangu. Aliziomba, akapewa, kama ulivyosema. Nakiri nilifurahi. Hata saba zangu, zile ulizodai zinafanana na fimbo ya mlevi, zilikuwa zimesimama wima.

"Ndugu wananchi," akasema, "karatasi inaonyesha mvua yenu imeshuka tangu mwaka ule mliohamia huku. Lambo halitajaa. Tutachimba shimo la vumbi."

Mzee Nzowa akaruka kama kijana. "Tulisema! Tumeyaacha makaburi ya wazee peke yake huko juu. Mvua imenuna!"

Ndugu Katibu wa Chama naye akasimama. "Mzee, kaa chini. Hayo ni maneno ya kupinga vijiji."

"Maneno yangu? Si karatasi ya serikali hiyo! Mkamate yeye!"

Watu wakacheka mpaka kijana wa watu akaificha karatasi nyuma ya mgongo. Mimi sikucheka. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, makaburi na serikali vilikuwa vimekubaliana, na vyote viwili vilikuwa vinanitegemea mimi. Maana kule chini tuko nyuma ya kilima. Mawingu yanatufikia yakiwa yameshamwaga huku.

Mama Tumaini alikuwa amekaa mstari wa mbele. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliomba lile lambo. Nilikuwa namtazama kwa nyuma. Nywele za utosini zimelika kwa ndoo.

Nilitaka kunyamaza, sikufichi. Nikajiambia kwamba nalinda jina lako, kwa kuwa liko juu ya jalada la daftari, na watu wakijua kuna uongo ndani, nani ataziamini kurasa zako? Nilijidanganya vizuri kabisa. Hicho ndicho kipaji nilichopewa. Kisha nikajikuta nimesimama.

"Mvua haikupungua," nikasema. "Kilichohama ni kipimo. Nilitakiwa niandike, sikuandika, na marehemu nilimwambia nimeandika."

Mama Tumaini ndiye aliyesema, bila kugeuka:

"Miaka yote hii ndoo iko kichwani mwangu, na kalamu iko sikioni mwako."

Basi. Hajaniambia jingine refu kuliko hilo.

Mtaalamu hakufoka, ningeshukuru kama angefoka. Aliomba daftari, akaliweka mapajani akalisoma, ukurasa kwa ukurasa. Akasema hawezi tena kulikataa lambo, wala hawezi kulikubali. Ataleta kipimo cha pili, na vyote viwili vitasomwa saa ile ile, kimoja juu, kimoja chini, kwa misimu mitatu ya mvua, ndipo ajue tofauti. Misimu mitatu! Wanawake waliguna. Halafu, akilifunga daftari, akasema kama mtu anayejisemea, "Miaka ya marehemu, ya kule juu, ni safi. Sasa inafaa, kwa kuwa tunajua inaishia wapi."

Niliinama nikafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Kwa hiyo kila asubuhi napanda huku. Mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili saa tatu, na nilipokuwa bado nafikiri nimwombe nani, Mama Tumaini alininyang'anya glasi ya kule chini mkononi. Elimu ya watu wazima imemfaa. Saba zake zinapendeza kuliko zangu. Nikirudi nakuta namba imeandikwa kwenye kikaratasi, kimewekwa juu ya meza, kimekandamizwa kwa bakuli la uji wangu. Uji upo bado. Nauhesabu kama mazungumzo.

Na ile nafasi ya Maelezo nimeijaza. Mtaalamu hakunitamkia la kuandika. Alisema niandike kilichotokea na niweke jina langu. Nimeandika kwamba kipimo kilihamishwa na mimi, kikawekwa nyuma ya kilima, na kwamba mwangalizi wa kwanza hakuambiwa ukweli. Imeshakwenda Dar. Sasa yeyote atakayeomba mvua ya Isansa, hata huko ng'ambo, atapewa, na aibu yangu ikiwa imebanwa kwa pini pembeni, bila malipo.

Sina zaidi, ila ahadi. Misimu hii mitatu sitakosa asubuhi, na nikiugua nitaweka mstari na sababu yake. Jua limeanza kuchoma, nashuka. Namba nitakayoikuta mezani, iwe kubwa iwe ndogo, nitainakili kama Mama Tumaini alivyoiandika. Wewe pumzika huko Ileje, Bwana Shamba.

Ni mimi,
Baba Tumaini